Jiwe la Geita Hupimwa, Mtu wa Geita Je?

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Geita na Nyarugusu hadi Bulyanhulu na Kahama, hakuna jiwe linalodharauliwa. Kampuni inapochoronga ardhi, nguzo ya mwamba inayotolewa chini hupangwa sandukuni, ikaandikwa namba ya shimo na kina ilikotoka, kisha ikapasuliwa katikati. Nusu moja huenda maabara. Nusu ya pili huwekwa ghalani, ili mtaalamu atakayekuja miaka ishirini baadaye, akiwa na chombo bora zaidi, aipime upya. Kule maabara jiwe husagwa likawa unga, likayeyushwa tanurini pamoja na oksidi ya risasi, na mwishowe hutolewa jibu la gramu ngapi za dhahabu zimo ndani ya tani moja ya mwamba. Gramu moja ndani ya tani ni sehemu moja katika milioni. Hata hiyo huonekana, huandikwa na kulindwa.

Katika ukanda huo huo yupo binadamu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu karibu watu milioni 3 katika Mkoa wa Geita na zaidi ya milioni 2.2 katika Mkoa wa Shinyanga. Mmoja wao anapopatwa na uvimbe wa ubongo, akabahatika kufika kwa mpasuaji na kufunguliwa fuvu la kichwa, kipande kidogo cha uvimbe huo hutolewa ili kichunguzwe. Kipande hicho kina thamani kuliko nguzo yoyote ya mwamba, kwa sababu mwamba huchorongwa tena kesho, lakini kichwa cha mtu hakifunguliwi mara ya pili kwa sababu tu chupa ya kwanza ilipotea. Ni mara ngapi, basi, kipande cha namna hiyo kimesukumizwa ndani ya chupa yenye shingo nyembamba, katika dawa isiyojulikana nguvu yake, kikaambatanishwa na fomu iliyojazwa nusu, halafu kikasubiri juu ya rafu mpaka apatikane msafiri wa kukibeba? Na ni mara ngapi jibu limewakuta wafiwa wamekwisha kuanua matanga?

Wako watu maofisini, tena wasomi, ambao wakisikia habari ya kupima molekuli za uvimbe wa ubongo hucheka kwa upole na kusema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Kicheko hicho ndicho kinachostahili kupigwa vita. Ni kasumba ile ile ya kuamini kwamba kuna elimu ya watu wakubwa na elimu ya watu wadogo, na kwamba mkulima wa pamba wa Kishapu au mchimbaji mdogo wa Nyarugusu anatosheka na elimu ya daraja la pili.

JICHO PEKE YAKE HALITOSHI

Kwa zaidi ya miaka mia moja uvimbe wa ubongo ulitambuliwa kwa hadubini. Kipande kilikatwa kikawa chembamba kuliko karatasi, kikatiwa rangi, na mwanapatholojia akaangalia umbo la seli. Kazi hiyo ni ya heshima na itaendelea kuwa msingi. Lakini mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilibadili kanuni za kuupa uvimbe wa ubongo jina, likaingiza ndani yake alama za jeni; na toleo la mwaka 2021 likazidi kukaza kanuni hizo. Tangu hapo, aina kadhaa za uvimbe haziwezi kutajwa kwa ukamilifu kwa kutazamwa tu.

Sababu yake mchimbaji wa Geita anaielewa upesi kuliko mtu wa mjini. Yeye anajua kwamba pairaiti hung'aa ndani ya mwamba hata mgeni akashangilia, na kwamba dhahabu yenyewe mara nyingi haionekani kabisa kwa macho. Hali kadhalika ziko glioma ambazo chini ya hadubini huonekana pole, seli zake zikiwa zimetulia, kumbe ndani ya jeni zake ni glioblastoma, saratani kali kuliko zote za ubongo wa mtu mzima. Ziko nyingine zinazotisha kwa sura, lakini kwa kuwa jeni iitwayo IDH imebadilika, mwenye nazo huweza kuishi miaka mingi zaidi. Na iko oligodendroglioma, ambayo hutambulika kwa seli kupoteza sehemu ya kromosomu ya 1 pamoja na sehemu ya kromosomu ya 19.

Majina hayo si mapambo ya vitabu. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya muda mrefu ya majaribio juu ya wagonjwa waliopoteza sehemu hizo mbili za kromosomu. Katika jaribio moja lililofanyika Amerika Kaskazini, nusu ya waliotibiwa kwa mionzi pamoja na dawa waliishi miaka 14.7 au zaidi. Kwa waliopewa mionzi peke yake ilikuwa miaka 7.3. Dawa zenyewe, prokabazini, lomustini na vinkristini, zilikuwa za zamani. Kilichokuwa kipya ni kujua nani apewe. Miaka saba ya baba wa watoto watano, au ya mwalimu aliye katikati ya utumishi wake, hutegemea kipimo cha kipande kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi.

Watoto nao wana yao. Meduloblastoma, uvimbe unaoota nyuma ya kichwa, sasa hugawanywa katika makundi makuu manne kwa kufuata molekuli. Watoto wa kundi moja, liitwalo WNT, zaidi ya tisa kati ya kumi hupona katika nchi zenye tiba kamili. Wa kundi jingine huhitaji tiba kali tangu siku ya kwanza. Kuwatibu wote sawasawa ni kumuumiza mmoja bila sababu na kumwacha mwingine bila kinga.

UHARIBIFU UANZIAO CHUPANI

Hapa ndipo hoja ya wanaocheka inapoanza kuporomoka. Vipimo vingi vya aina hii havihitaji tishu mbichi iliyogandishwa kwa baridi kali. Hufanyika juu ya tishu iliyotiwa formalini na kuzungushiwa nta, yaani kile kitofali kidogo ambacho maabara za patholojia zimekuwa zikitengeneza miaka nenda miaka rudi. Kitofali cha nta hakidai jokofu. Kikiwekwa mahali pakavu, penye kivuli, mbali na panya na mchwa, hukaa miongo mingi na kuendelea kusema kweli.

Lakini hakitasema kweli kama kiliharibiwa siku ya kwanza. Formalini hufunga protini na vinasaba pamoja, na ndiyo maana huzuia tishu isioze. Ikiachwa kupita kiasi, huvikatakata vinasaba hivyo vipande vipande, na huweza hata kuzua mabadiliko ya uongo ambayo mgonjwa hakuwa nayo. Formalini isiyotengenezwa kwa chumvi za kuzuia uasidi hugeuka kuwa kali na kuharibu zaidi. Ikiwa haba, katikati ya kipande huoza kabla haijafika. Kanuni ni chache na nyepesi: formalini ya 10 kwa mia iliyozuiwa uasidi, ujazo wake uwe walau mara kumi ya kipande, chupa iwe na mdomo mpana, saa ya kutiwa iandikwe, na tishu isikae humo chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72 kabla ya kuanza kutengenezwa.

Hakuna hata kanuni moja kati ya hizo inayohitaji fedha za kigeni. Zinahitaji mfamasia anayechanganya dawa kwa kipimo, muuguzi anayetazama saa, karani anayejaza fomu mpaka mwisho, na dereva anayeondoka siku iliyopangwa. Anayesema kwamba nchi ni maskini mno kwa kipimo cha molekuli aeleze kwanza ni umaskini gani uliozuia kuandikwa kwa tarehe juu ya chupa.

KUMBUKUMBU ZA KINSHASA NA KAMPALA

Atakayeuliza kitofali cha nta cha Afrika kina faida gani, ajibiwe na Kinshasa. Mwaka 1960, mji huo ukingali ukiitwa Léopoldville, kipande cha tezi ya limfu ya mwanamke mmoja kilihifadhiwa katika nta. Hakuna aliyejua kilichomo. Mwaka 2008 wanasayansi walitangaza kwamba wamesoma ndani yake vinasaba vya virusi vya UKIMWI, na kwa kuvilinganisha na vile vya damu iliyochukuliwa mjini humo mwaka 1959, wakapiga hesabu kwamba virusi hivyo vilianza kuenea kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2020 kikasomwa kipande kingine cha Kinshasa, cha mwaka 1966, karibu chote. Laiti wale wafanyakazi wa maabara wa mwaka 1960 wangetupa vitofali vyao, dunia nzima ingepungukiwa elimu hiyo.

Iko na habari ya Kampala. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt alieleza saratani ya taya iliyokuwa ikiwashambulia watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona ndani ya seli zake virusi ambavyo leo vina majina ya wawili kati yao. Ilikuwa kazi kubwa, na haifai kubezwa. Lakini jambo moja halina budi kusemwa: mgonjwa alikuwa wa Afrika Mashariki, tishu ilikuwa ya Afrika Mashariki, na chombo cha kuona kilikuwa London. Zaidi ya miaka 60 imepita. Mtindo wa kusafirisha kipande na kungojea jibu kutoka ng'ambo ukiendelea bila kikomo, basi uhuru wa elimu ungali njiani.

Wananchi wa Geita na Shinyanga walikwisha kupata somo hilo katika madini. Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa mchanga wa madini, makinikia, na makontena 277 yakakaa Dar es Salaam. Kamati ya wataalamu ikapima na kutangaza thamani kubwa kuliko iliyokuwa ikiandikwa. Kampuni ikazipinga hesabu hizo. Na baada ya mabishano marefu ikaundwa kampuni ya ubia ya Twiga, ambamo Serikali ina hisa 16 kwa mia. Msomaji ana hiari ya kuamini hesabu za upande wowote. Funzo ni lile lile: asiyepima mwenyewe hulipwa kwa mizani ya mwingine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Katika tiba, mizani hiyo sasa inatengenezwa. Mwaka 2018 watafiti waliokuwa na makao Heidelberg, Ujerumani, walionyesha mashine inayotambua uvimbe wa ubongo kwa alama za kikemia zilizomo juu ya vinasaba, hata vya tishu ya nta. Walipoijaribu kwa wagonjwa wapya, ilibadili utambuzi wa kiasi cha 12 kwa mia. Mashine ya namna hiyo hujifunza kutokana na vipande inavyoonyeshwa. Wagonjwa wa Kanda ya Ziwa wasipokuwamo katika masomo yake, siku moja itawahukumu bila kuwafahamu.

VISINGIZIO VITATU

Kisingizio cha kwanza ni kwamba malaria na vifo vya uzazi havijakwisha, kwa hiyo ubongo ungoje. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama hospitali ingekuwa na chumba kimoja tu kwa kila ugonjwa. Kitofali cha nta kilichotengenezwa vizuri kwa ajili ya ubongo kimetengenezwa vizuri pia kwa ajili ya titi, mlango wa kizazi na saratani za watoto. Na kipimo cha vinasaba si mgeni wilayani. Mashine za GeneXpert, zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 kwa ajili ya kifua kikuu, zinasoma vinasaba vya vijidudu kwa muda wa saa mbili hivi. Wachimbaji wenye vumbi la mwamba mapafuni wanapimwa kwazo. Yule yule aliyesema molekuli ni anasa husaini fomu ya GeneXpert kila siku bila kujua kwamba anasaini molekuli.

Kisingizio cha pili ni kwamba hata jina likijulikana, dawa hakuna. Si kweli kwa ukamilifu wake. Katika nchi hii uvimbe unaoonekana kwenye picha ya kichwa huweza kuwa si saratani, bali kifua kikuu cha ubongo, au maambukizo kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI, au minyoo ya tegu ya nguruwe. Na kila kimoja kina dawa yake. Upasuaji wa ubongo unafanyika Muhimbili na Bugando, na mionzi inatolewa Ocean Road na Bugando. Hata pale ambapo kupona hakupo, kujua kunaokoa ng'ombe wasiuzwe wote kwa safari ya bure, kunampa mgonjwa dawa ya maumivu na nafasi ya kuagana na watu wake. Kumnyima mtu ukweli wa mwili wake kwa sababu ukweli huo ni mchungu si huruma.

Kisingizio cha tatu ni gharama. Lakini hakuna anayedai kila hospitali ya wilaya inunue mashine ya kusoma jeni. Ngazi ya kwanza ni formalini na fomu. Ya pili ni kingamwili za kutia rangi: moja tu kati ya hizo hunasa kiasi cha tisa kati ya kumi ya mabadiliko ya IDH katika glioma, kwa hadubini ile ile iliyopo. Ya tatu ndiyo kusoma vinasaba, nayo inatosha kuwa katika kituo kimoja cha kanda kinachohudumia mikoa yote. Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima cha Mwanza iwe hospitali ya watu wa Ziwa. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo Mwanza. Na tangu mwaka 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi limeondoa kisingizio cha kungojea kivuko. Kilichobaki ni nia.

UGONJWA USIO NA JINA

Walimu wasidhani kwamba habari hii ni ya madaktari peke yao. Mtoto mwenye uvimbe wa nyuma ya kichwa huanza kuonekana darasani. Huamka na kichwa kinachouma, hutapika asubuhi, huyumba akitembea, huona vitu viwiliviwili, mwandiko wake huharibika. Mwalimu asiyejua humwita mvivu. Mwalimu anayejua humwandikia mzazi barua ya kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Kati ya fimbo na barua kuna uhai wa mtoto.

Na liko jambo zito zaidi, ambalo Shinyanga haipaswi kulikwepa. Uvimbe wa ubongo huleta kifafa ukubwani, hubadili tabia, humfanya mtu mpole kuwa mkali na mwenye akili kusahau jina la mwanawe. Ugonjwa wa namna hiyo usipopewa jina hospitalini, hupewa jina kwa mpiga ramli. Usukuma imezika vikongwe wengi waliouawa kwa mapanga kwa sababu mtu aliugua, mganga akanyoosha kidole, na bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni akaitwa mchawi. Mikutano ya kulaani mauaji hayo imefanyika tangu miaka ya 1970. Laana hazitoshi. Familia inayorudi kutoka hospitali na karatasi inayosema ni nini kilichokuwa ndani ya kichwa cha baba yao ina silaha dhidi ya ramli. Familia inayorudi na maneno kwamba "majibu hayajatoka" imeachwa mikononi mwa mganga.

WAJIBU

Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanazitaka kampuni za madini kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii, kwa makubaliano na halmashauri. Mgodi wa Geita, ulioanza kuzalisha mwaka 2000, na migodi mingine ya ukanda huu imejenga madarasa na zahanati kwa njia hiyo au kabla yake. Watumishi wa halmashauri wanaokaa katika vikao hivyo hawana sababu ya kuona haya kudai kwamba sehemu ya fedha hizo isomeshe wanapatholojia na mafundi maabara, inunue kingamwili, na ijenge ghala la vitofali vya nta linalolindwa kama ghala la miamba lilivyo. Halikadhalika, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 haitakuwa ya wote ikiwa italipia kitanda cha mgonjwa na kukataa kulipia jina la ugonjwa wake.

Vipande vinavyokwenda nje kwa utafiti viende kwa mkataba ulioandikwa: jibu lirudi kwa daktari wa mgonjwa, nusu ya kitofali ibaki nchini, na kijana wa Kitanzania aende pamoja nacho akajifunze kukipima. Huko si kujitenga na dunia. Ni kuingia katika dunia kama mshirika.

Taifa lilipopata uhuru lilitangaza maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Uvimbe wa ubongo usiojulikana jina ni maadui hao watatu ndani ya fuvu moja. Siku ambayo kipande cha ubongo wa mchimbaji wa Nyarugusu kitaandikiwa namba, saa na tarehe kwa uangalifu ule ule unaopewa mwamba aliouchimba, hapo ndipo itakaposemwa bila kigugumizi kwamba katika ukanda wa dhahabu mtu ana thamani kuliko dhahabu. Kabla ya siku hiyo, maneno hayo yabaki kwenye hotuba.